Kelele Inayokuja na Kupotea: Mafundi Wasio na Majina, Kutoka Redio ya Sufuria Mpaka Amplifaya ya Makongolosi

Siku hizi ukivaa hedifoni ukasikiliza biti nyingi za mjini, kwa mbali unasikia mkwaruzo fulani, krrr… krrr, kama mtu anakaanga bisi chumba cha pili. Hedifoni yako haijafa. Prodyuza kaweka makusudi. Kuna programu kabisa za kuongeza huo mkwaruzo ili ngoma isikike ya kizamani, na watu wanatoa hela kuzinunua.

Sasa rudi nyuma miaka sabini hivi. Kuna watu Mbeya, Iringa, Tukuyu na Chunya ambao riziki yao ilikuwa kuutoa mkwaruzo huohuo. Mafundi redio. Ukifungua vitabu vya historia ya redio utakuta majina ya wakurugenzi, maprofesa na wenye viwanda. Fundi aliyekaa kibarazani na bisibisi moja, akafanya taarifa ya habari isikike mpaka mwisho, hayupo. Stori ya leo ni yake.

Kwa waliozaliwa juzi: kabla ya transista, sauti ilikuzwa na valvu. Ni kichupa cha kioo kama balbu, ndani kimetolewa hewa. Kuna waya mwembamba unaopata joto na kutoa elektroni, upande wa pili kuna bamba linalozipokea, na katikati kuna wavu mdogo unaofanya kazi kama mlango. Sauti dhaifu ikigusa ule wavu, mkondo mkubwa unafuata, na hapo ndipo kunong'ona kunageuka kupiga kelele. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza 1904, Mmarekani Lee de Forest akaongeza wavu 1906. Hao wana majina.

Hata kelele yenyewe ina majina. Mwaka 1918 Mjerumani Walter Schottky alieleza kwamba mkondo ndani ya valvu hautiririki laini kama mafuta, ni elektroni moja moja zinazodondoka kama mvua juu ya bati, kwa hiyo lazima kuwe na "shhhh" kidogo. Mwaka 1928 John Johnson wa Bell Labs kule Marekani akachapisha vipimo vya kelele inayotokana na joto tu ndani ya rezista, hata kama rezista ni nzima kabisa. Safi sana. Lakini angalia, hizo zote ni kelele za kudumu. Zipo muda wote, unaweza kukaa nazo mezani ukazipima.

Ile inayokuja na kupotea ni mnyama mwingine. Redio inaimba vizuri dakika ishirini, ghafla krrr, unaipiga kofi, inanyamaza. Unampelekea fundi, kwa fundi haikwaruzi hata kidogo. Unarudi nayo nyumbani, taarifa ya habari inaanza, krrr. Hiyo haikupata profesa wa kuipa jina lake.

PENI MOJA KWA SAA

Mwaka 1949, ng'ambo ya Tunduma, kwenye nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia), mkuu wa idara ya habari Harry Franklin alikuwa na tatizo. Stesheni ya Lusaka ilikuwa inatangaza kwa lugha za Waafrika, ila Waafrika wenyewe hawakuwa na redio. Zilizokuwepo zilikuwa bei ya Mzungu. Akaishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza itengeneze redio ya bei ya chini. Ile ya majaribio waliitengeneza ndani ya sufuria ya alumini isiyo na mkono, upana inchi 9, na umbo likabaki hivyohivyo. Wakaipaka rangi ya bluu. Watu wakaiita redio ya sufuria. Ilikuwa na valvu 4 na ilitumia betri, kwa sababu umeme ulikuwa wa watu wachache wa mjini.

Redio iliuzwa pauni 5. Betri yake peke yake pauni 1 na shilingi 5, na ilikadiriwa kukaa saa 300.

Hapa ndipo watu huwa wanapita haraka, usipite. Pauni moja ya enzi hizo ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12. Piga hesabu: pauni 1 na shilingi 5 ni peni 300 kamili. Saa 300, peni 300. Kila saa redio ikiwa imewashwa, mwenye nayo anachoma peni moja. Akisikiliza saa mbili kwa siku, betri inaisha baada ya miezi mitano, na anaanza upya kutafuta hela.

Sasa fikiria umempelekea fundi redio ya aina hiyo, shida yake ni kelele inayotokea mara moja kwa saa. Fundi wa London angeichomeka ukutani, akanywa chai, akaisubiri. Huyu wa kwetu akiisubiri, anasubiri kwa betri ya mteja. Akikaa nayo wikiendi nzima ikiwa imewashwa, kamla mteja peni arobaini na kitu kabla hajagusa hata skurubu moja. Na betri ya kawaida ya dukani huwezi kuiweka badala yake, maana redio nyingi za betri za miaka ile zilihitaji volti 1.4 hivi za kupasha waya za valvu, na juu yake volti kama 90 za kuendesha mabamba. Ilikuwa ni betri ya kazi hiyo tu, kubwa kama tofali.

Ndiyo maana fundi wa sehemu za betri hakuwa na anasa ya kuisubiri kelele. Ilibidi aichokoze itokee. Ukitaka kujua tofauti kati ya fundi na mtu anayebahatisha, mpaka leo ni hiyohiyo.

MAKONGOLOSI INAINGIAJE?

Makongolosi iko wilaya ya Chunya, zaidi ya kilomita 100 kaskazini ya jiji la Mbeya, ndani ya eneo la dhahabu la Lupa. Dhahabu ya mchangani ya Lupa ilianza kujulikana miaka ya mwanzo ya 1920, na miaka ya 1930 uchumi wa dunia ulipoporomoka, mamia ya wachimbaji wa Kizungu na maelfu ya Waafrika wakamiminika huko. Upande wa Saza ukafunguliwa mgodi mkubwa uliokuja kufungwa 1956. Wengine hawakuondoka, na mpaka leo ukifika unakuta karasha zinasaga mawe.

Sehemu ya dhahabu ni sehemu ya hela ya ghafla, na hela ya ghafla inanunua redio. Dar es Salaam ilianza kutangaza 1951, kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likawa shirika la utangazaji la Tanganyika, na 1965 serikali ikalichukua, ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo wazazi wako wakiisikia jina tu wanaanza kukumbuka matangazo ya vifo na salamu za wasikilizaji. Mtu wa machimboni aliyekuwa na redio ya betri aliweza kuvuta Dar, na kwa mawimbi mafupi, usiku ukitulia, Lusaka.

Na mazingira ya Nyanda za Juu Kusini kwa vifaa vya umeme ni kama mtihani uliotungwa na mtu mwenye roho mbaya. Panda Tukuyu: mvua kibao, unyevu mwaka mzima. Kapasita za zamani zilitengenezwa kwa karatasi na nta, unyevu ukiingia zinaanza kuvuja umeme kidogo kidogo. Rezista za kaboni nazo zinanyonya unyevu na kuanza kukwaruza. Shuka Chunya, chini bondeni: joto, ukame, na vumbi la mawe linaloingia mpaka ndani ya kitufe cha sauti. Mchana chuma kinatanuka, usiku kinajikunja. Redio moja ikihama na mwenye nayo kutoka Tukuyu kwenda machimboni inakutana na maadui wote.

KUICHOKOZA

Swali la kwanza la fundi mzuri lilikuwa la kizembe kabisa ukilisikia: kelele iko ndani au nje? Jibu lake ni kuchomoa waya wa antena. Kelele ikifa, redio ni nzima, adui ni radi ya mbali au mtambo wa jirani. Kelele ikibaki, fungua mgongo wa redio. Sekunde tano tu, peni haijaungua. Ajabu ni kwamba watu wengi mpaka leo wanaruka hatua hii, wanafungua kifaa kizima halafu wanakuja kugundua tatizo lilikuwa chaja ya jirani.

Swali la pili: iko kabla au baada ya kitufe cha sauti? Punguza sauti mpaka mwisho. Kama krrr inapungua pamoja na muziki, inazaliwa mbele ya kitufe. Kama muziki unapotea na krrr inabaki palepale, iko nyuma yake. Kwa kuzungusha kidole tu, nusu ya redio imeondolewa kwenye kesi.

Na kama inakwaruza wakati ule tu unapozungusha kitufe? Wengi wanasema ni vumbi, wanasafisha, wanamaliza. Mara nyingi ni kweli. Ila fundi aliyeiva anajua kuna kesi ya pili: kapasita iliyo kabla ya kitufe imeanza kuvuja, umeme wa moja kwa moja unafika pale ambapo sauti peke yake ndiyo iliyopaswa kufika, na kitufe kinalalamika. Utasafisha kila wiki, kelele itarudi kila wiki. Dawa ni kubadilisha kapasita. Kitufe kinasingiziwa.

Baada ya hapo ndipo fimbo inaingia. Kijiti kikavu cha mbao, au penseli iliyogeuzwa upande wa raba. Unagonga valvu moja moja, taratibu, kama unabisha hodi kwa mkwe. Halafu soketi. Halafu kila rezista, kila kapasita, kila kiungo cha lehemu. Mbao, kwa sababu haipitishi umeme na haigusanishi vitu ambavyo havikupaswa kugusana.

Hapa ndipo sikio lilipotenganisha watu. Valvu za betri zilikuwa na waya mwembamba kama unywele, na ukiigonga yoyote, hata mpya, inalia "tiiing" kwenye spika, kwa sababu ule waya unatetemeka kama uzi wa gitaa. Mtu wa kubahatisha akisikia hivyo anasema valvu imekufa, nunua nyingine. Fundi anajua ting ni tabia yake. Anachotafuta ni krrr, sauti chafu isiyo na noti, sauti ya vyuma viwili ambavyo vinagusana na kuachana. Ting ni kutetemeka, krrr ni kuachana. Hilo huwezi kulifundisha kwa maandishi tu, lazima uwe umezisikia zote mbili mara nyingi.

Maana ukweli wa kelele inayokuja na kupotea ni huu: mara nyingi sana si kifaa kilichokufa, ni mahali ambapo vitu viwili vilitakiwa vishikane na havishikani sawasawa. Mguu wa valvu una kutu. Soketi imelegea meno. Lehemu imepasuka ufa usioonekana kwa macho. Kikipata joto kinatanuka, kinaachia. Ukikipiga kofi kinagusana tena. Ndiyo maana kofi linafanya kazi, na ndiyo maana halitibu kitu.

Kama fimbo haijatoa jibu, zamu ya joto. Mafundi walijua redio inayokwaruza baada ya nusu saa inaumwa joto, basi unaisogezea joto kipande kwa kipande, ncha ya pasi ya kulehemu karibu na kiungo bila kukigusa, unasikiliza. Unapopata krrr, umepata mgonjwa.

Na kulikuwa na sheria moja ambayo mafundi wa valvu dunia nzima walirithishana: ukifanya kazi kifaa kikiwa kimewashwa, mkono mmoja uwe mfukoni. Redio na amplifaya za valvu za kuchomeka ukutani zinabeba volti 250, 300 na kuendelea, na kapasita zake kubwa zinabaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Umeme ukiingia mkono huu na kutokea mkono ule, njia yake inapita kwenye moyo. Huo mkono mfukoni umewaachia watoto wengi baba zao.

VIPURI VILIPOADIMIKA

Transista zilibadilisha kila kitu haraka kuliko watu walivyotegemea. Katikati ya miaka ya 1960 Matsushita walifungua kiwanda Dar es Salaam wakaanza kutengeneza redio na betri za National hapahapa. Betri ndogo za kawaida, redio inabebwa mkononi kwenda shambani. Hakuna tena tofali la volti 90.

Na redio haikuwa starehe tu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, kwa hiyo redio ndiyo ilikuwa kila kitu. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya: watu wanakaa vikundi vijijini, wanasikiliza kipindi cha redio, wanajadili, wanakwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Takriban watu milioni 2 walishiriki. Kila kikundi kilikuwa kinazunguka redio. Sasa piga picha redio ya kikundi inakwaruza palepale mtangazaji anapotaja kipimo cha shimo la choo. Kelele hapo si suala la ladha ya muziki.

Kisha ikaja miaka ya vita vya Kagera, 1978 na 1979, na ule ukame wa fedha za kigeni uliofuata mpaka katikati ya miaka ya 80. Sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, kipuri cha redio ndiyo usiseme. Redio mbovu haikutupwa, iligeuka duka: rezista moja ikatolewa hapa, soketi pale, kapasita ikatoka kwenye redio iliyoungua. Fundi wa kipindi kile alijua thamani ya kutokubadilisha kitu kizima. Ukikisia vibaya, umeharibu kipuri ambacho hakina mwenzake wilaya nzima. Bei ya kubahatisha ilikuwa kubwa kuliko bei ya kufikiri, na kiukweli hiyo ndiyo iliyowafanya wawe wazuri.

Redio binafsi zilipoanza miaka ya 1990, na redio za bei chee za China zikajaa sokoni, kibanda cha fundi redio kikaanza kuuza makava ya simu. Ukikwaruza, unatupa, unanunua nyingine.

VALVU ZIMERUDI, MAFUNDI HAWAPO

Lakini sasa valvu zimerudi, na zimerudi kwa vijana. Dunia nzima kuna watu wanaunda amplifaya ndogo za hedifoni za valvu nyumbani, kwa sababu sauti yake ni ya joto (kila mtu anasema hivyo, na kila mtu ana maana yake), na kwa sababu zikiwaka usiku mezani zinapendeza kwenye picha. Viwanda vya valvu vilivyobaki ni vya kuhesabu: Urusi, Slovakia, China. Mwaka 2022 Urusi ilipozuia kwa muda kuuza nje baadhi ya bidhaa, wapiga gitaa duniani walipata presha.

Chukulia kijana wa Makongolosi. Anatengeneza simu stendi, ameagiza vifaa mtandaoni, ameunda amplifaya ya hedifoni yenye valvu moja, ECC82, na transista mbili za kusukuma hedifoni. Aina hii inatembea hata kwa volti 12, hivyo angalau haitamuua. Inapiga safi. Baada ya dakika ishirini, sikio la kushoto linaanza: krrr. Linanyamaza. Krrr.

Anafanya kile ambacho kila mtu angefanya. Anaagiza valvu nyingine. Inakuja na basi, anachomeka, siku mbili raha, siku ya tatu krrr. Anaagiza ya tatu. Hivyohivyo. Jirani anamwambia ni karasha: zikianza kusaga, umeme wa mtaa mzima unachafuka. Inaingia akilini, maana mota kubwa kweli zinachafua umeme. Na kelele nyingi anaisikia mchana, karasha zikiwa kazini. Hapo anaanza kufikiria kuuza kila kitu.

Jioni anapita mzee wa mtaani, wa enzi zile za kibaraza na bisibisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo kelele unaisubiri, au unaichokoza?"

Ukimpa kijana huyu akili ya fundi wa peni moja kwa saa, mambo yanakwenda hivi. Ndani au nje? Zamani ungechomoa antena. Leo unachomoa umeme wa ukutani na kuweka betri ya volti 12, ile ya sola. Hakuna waya unaokwenda kwenye karasha tena. Baada ya dakika ishirini, krrr. Karasha wameachiwa huru, bila dhamana.

Kabla au baada ya kitufe? Sauti mpaka sifuri. Muziki kimya, krrr ipo. Kwa hiyo simu yake, waya wake na kitufe chenyewe wote wako nje ya kesi. Imebaki kuanzia valvu kwenda mbele.

Chomeka hedifoni nyingine. Kelele ikibaki sikio la kushoto, basi hedifoni ni nzima, shida iko kwenye amplifaya. Imebaki palepale.

Sasa ushahidi ambao alikuwa nao siku zote na hakuuona. ECC82 ni kichupa kimoja chenye valvu mbili ndani: miguu namba 1, 2 na 3 ni ya nusu moja, namba 6, 7 na 8 ni ya nusu nyingine, na zilizobaki ni za kupasha joto na kuunganisha. Kwenye ubao wake kushoto ni 6, 7 na 8. Valvu tatu tofauti, zote ziugue nusu ileile, upande uleule? Haiwezekani kirahisi hivyo. Valvu ya kwanza ilikuwa nzima. Hela ya valvu mbili ilikwenda bure.

Penseli upande wa raba. Gonga kioo: ting ndogo, kawaida. Sukuma valvu kidogo pembeni kama unamsogeza mtu kwenye daladala: krrr! Sukuma upande wa pili: kimya. Chomoa betri, subiri ipoe, geuza ubao, weka tochi ya simu kwa pembeni ili kivuli kionyeshe. Mguu namba 7 wa soketi, kwenye lehemu, kuna duara jembamba jeusi kama mstari wa kalamu. Lehemu imepasuka. Namba 7 ni mguu wa wavu, mlango wenyewe wa sauti. Mlango ukilegea bawaba, nyumba nzima inapiga kelele.

Na kwa nini ilizidi kila baada ya valvu mpya? Soketi imelehemewa moja kwa moja kwenye ubao, bila skurubu ya kuishikilia. Kila anapochomoa na kuchomeka valvu, nguvu yote ya mkono inabebwa na zile lehemu tisa ndogo. Zile siku mbili za raha zilikuwa ni ule msukumo wa kuchomeka, umeufunga ufa kwa muda. Kofi, ila la bei ghali. Na ile ya kelele kuwa nyingi mchana? Mchana wa Makongolosi ni joto, na joto linafungua ufa. Karasha na ufa vyote vinafanya kazi saa zilezile, basi karasha wakabebeshwa mzigo.

Dawa: futa lehemu yote ya zamani kwenye mguu ule, weka mpya, acha ipoe bila kutikiswa. Na ukishika pasi ya moto, rudia miguu yote tisa, maana ukipasuka mmoja wenzake wako njiani. Chini ya soketi weka kipande cha mpira au plastiki kiibebe.

Miguu ya valvu nayo ipitishe raba ya penseli kidogo, kisha spiriti safi. Kuna mafundi wanatumia petroli na mswaki. Inasafisha, ni kweli, na imeunguza vibanda vingi pia. Hapo kuna kichekesho cha Chunya. Valvu za bei mbaya, zile za E88CC zilizochaguliwa, miguu yake imepakwa dhahabu. Hata ile ncha ya hedifoni yako inayong'aa njano, mara nyingi ni utando mwembamba wa dhahabu. Kisa ni kimoja: dhahabu haishiki kutu, hivyo vyuma vikishikana vinaendelea kushikana. Kijana yuko juu ya mji ambao watu wanachimba usiku na mchana kile kitu ambacho kingemzuilia mkwaruzo, na yeye anafuta miguu ya bati kwa raba ya shule.

Anaweka betri, anavaa hedifoni, anasukuma valvu huku na huku. Kimya. Dakika ishirini, arobaini, saa nzima. Kimya. Anawasha muziki.

Imebaki ile ti-ti-ti, ti-ti-ti inayoingia sekunde chache kabla simu haijaita. Hiyo si lehemu. Ni kitochi chake kilicho mezani, simu ya mtandao wa 2G ikiongea na mnara kwa vipande 217 kila sekunde, na waya za amplifaya zinavidaka. Akihamishie kiti cha pili.